Konde, Ngezi, Tumbe, Kigomasha: ndege wa kaskazini mwa Pemba, siku kwa siku

Kumbukumbu hizi zimepangwa upya baada ya kurudi Unguja, kutoka kwenye daftari lililolowa chumvi na picha za simu na kamera. Ilikuwa mwisho wa Januari, kaskazi imeshika, na mwezi umeandama usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayekwenda Pemba kwa ajili ya ndege wa pwani hutazama mwezi kwanza, ratiba ya boti baadaye. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hupwa mbali sana kama saa nne asubuhi, hujaa kama saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kidogo. Maji mafu, yaani ya siku ambazo bahari haipwi wala haijai sana, hugeuza saa hizo, na ndege hawasogei karibu na mtu kama wanavyosogezwa na bamvua.

Ijumaa: Malindi, Mkoani, Konde

Boti ya kutoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, ilipangiwa saa moja asubuhi, ikaondoka saa mbili na robo bila tangazo lolote. Mpaka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari ilikuwa tulivu. Ukishaipita Nungwi, kisiwa hakikukingi tena na upepo, na hapo ndipo abiria huanza kuomba mifuko. Kaa ghorofa ya chini, nyuma, karibu na katikati. Kidonge cha kichefuchefu kimezwe nusu saa kabla ya boti kuondoka. Ukikimeza tumbo limeshachafuka utakitapika.

Wavuvi wa ngalawa walikuwa wakifuata shakwe. Shakwe wakikusanyika mahali pamoja na kujitupa majini mmoja mmoja, chini yake kuna jodari wanaowasukuma dagaa juu. Wakiruka juu juu bila kujitupa, samaki wameshazama. Manahodha wanaijua ishara hii kuliko sisi wenye darubini.

Maji haya ndiyo sababu ya safari yenyewe. Wakati wa baridi kuu ya zamani, bahari iliposhuka zaidi ya mita mia, Unguja iliungana na bara, na wanyama na ndege wakapita kwa miguu na kwa mbawa fupi. Pemba haikuungana, kwa kuwa mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita. Ndege waliofika huko walikaa peke yao muda mrefu mno, na leo wako wanne ambao hawapatikani popote pengine duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba na kinengenenge wa Pemba. Unguja haina hata mmoja wa aina hiyo. Watu wa mjini hawapendi kuambiwa hivyo.

Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, tulishuka wakati wa sala ya Ijumaa, na daladala haziondoki mpaka watu watoke msikitini. Panga hivyo, usigombane na mtu. Hadi mji wa Chake Chake tulilipa elfu mbili na mia tano, Chake hadi Konde elfu tatu. Gari ilisimama mara nyingi kupakia magunia ya karafuu, na pembeni mwa barabara mikeka ya karafuu ilikuwa imeanikwa karibu kila nyumba. Baada ya Chake ni vilima na mabonde mpaka mwisho, hakuna la kusimulia.

Konde hakuna hoteli ya kuonyesha watu. Mwenye duka la vyakula alituuliza tunakwenda wapi, akamwita mtoto, mtoto akatupeleka kwa bibi mmoja mwenye chumba cha uani. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, mmekula?" Kabla ya bei kutajwa, sinia la muhogo wa nazi na papa mkavu lilikuwa limeshatandazwa. Chumba kilikuwa elfu ishirini pamoja na chai ya asubuhi. Bibi alitoa sharti moja tu: bundi asitajwe ndani ya nyumba usiku.

Jumamosi: Ngezi

Boda kutoka Konde hadi lango la msitu wa Ngezi ilikuwa elfu tano. Muafikiane na dereva saa ya kurudi, kwa sababu barabara ya Ngezi haina magari mengi. Langoni unaandikishwa, unalipa, unapewa muongozaji. Mzanzibari achukue kitambulisho, bei yake ni tofauti kabisa na ya mgeni. Matembezi ya usiku yaombwe hapohapo asubuhi, maana muongozaji anayekaa kijiji cha mbali huhitaji kujua mapema kama atalala karibu.

Msitu huu ndio uliobaki mkubwa katika kisiwa kilichogeuzwa mashamba ya karafuu tangu zama za Masultani. Ndani yake kuna mivule, mitini, na mpapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao nao ni wa Pemba tu. Fika kabla jua halijachomoza. Wa kwanza kusikika si mmoja wa wale wanne, ni kipanga wa msituni, ambaye Pemba ana umbo lake la kisiwa. Alfajiri huruka juu sana akizunguka, akitoa mlio mmoja mkavu, "kwit", kila baada ya sekunde chache. Wengi humtafuta mitini, shingo ikauma bure. Mtazame angani.

Ninga hapatikani kwa kumtafuta. Ana rangi ya kijani cha zeituni mgongoni na kijivu kichwani na kifuani, akitulia katikati ya majani hata darubini haimwoni. Tafuta mtini wenye matunda mabivu, kaa chini yake kimya, sikiliza vinavyodondoka. Matunda yakidondoka mawili matatu kwa mfululizo na hakuna upepo, juu kuna ninga. Akila hupanda tawi kwa miguu, hujinyoosha, hata kuning'inia kichwa chini kulifikia tunda la ncha. Husogea kidogo, kisha hukaa tuli dakika nzima. Tazama tawi moja mpaka lijitikise, usihangaike na mti mzima. Mlio wake si kuguna kama njiwa wengine, ni mchanganyiko wa miluzi na makelele mafupi. Kosa la kawaida ni kusogea karibu na shina. Ukiwa chini kabisa unaona matumbo na majani tu; rudi nyuma hatua ishirini au thelathini, uone ukingo wa kilele dhidi ya mbingu.

Kinengenenge ni kinyume chake. Huyu hufika mwenyewe, kundi zima, manjano tupu na duara jeupe kuzunguka jicho. Wanapekua majani upande wa chini wakitafuta wadudu, na huku wakiitana kwa sauti nyembamba isiyokatika, kwani kila mmoja akiwa ameinamisha kichwa, sauti ndiyo inayolishika kundi pamoja. Wakikupita usiwafuate. Songa mbele yao upande wanakoelekea, usimame, watakuja wenyewe. Hawahitaji msitu, tuliwaona pia uani kwa bibi, kwenye mpera.

Chozi naye yuko mpaka mjini Chake. Dume ana kijani kinachong'aa mgongoni na zambarau kifuani, lakini rangi hizo hutokana na jinsi unyoya unavyorudisha mwanga. Jua likiwa nyuma yake utaona ndege mweusi. Simama jua likiwa mgongoni kwako. Kwa kawaida hanywi utamu wa ua akiwa hewani, hutua kwanza ndipo ainamishe mdomo. Ua likiwa na shingo ndefu kuliko mdomo wake, hutoboa pembeni ya kitako na kunywa bila kugusa chavua, yaani anakula bila kulipa. Kiota ni mfuko unaoning'inia, umeshonwa kwa nyuzi za magome na utando wa buibui, mlango ubavuni.

Mchana msitu hunyamaza. Lala.

Usiku tulirudi langoni saa moja na nusu. Bundi mdogo wa Pemba ana urefu wa kama sentimita 20, macho ya njano. Wengine ni kahawia, wengine wekundu wa kutu, na si tofauti ya dume na jike. Alielezwa kitaalamu mwaka 1937 na Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyefanya kazi visiwani, lakini wachuma karafuu walikuwa wakimsikia miaka yote. Mlio wake ni "hu" moja fupi, kimya, kisha "hu" nyingine kwa muda usiopangika. Mara nyingine minne hadi sita mfululizo. Ukimya ule wa katikati ndio unaowachosha watu wakaanza kupiga soga, na hapo mambo huharibika.

Muongozaji aliiga mlio kwa mdomo mara tatu, akaacha. Hiyo inatosha. Kupiga mlio uliorekodiwa kwenye simu, tena na tena, humfanya ndege adhani kuna mvamizi. Huacha kuwinda na kuanza kulinda eneo, na wageni wakija kila usiku hana saa ya kula. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, mwanga uelekezwe kwenye shina chini yake, kamwe si usoni. Baada ya muda akashuka tawi la chini, akachukua panzi juu ya jani, akarudi alikotoka. Chakula chake kikubwa ni wadudu. Ukungu wa usiku huingia kwenye lenzi iliyotoka chumbani. Iache kamera nje ya mfuko robo saa kabla ya kuanza.

Nyumbani tulipoulizwa tumeona nini, tulisema ninga.

Jumapili: Tumbe na upande wa Micheweni

Hii ndiyo siku iliyopangiwa mwezi. Asubuhi tulikaa sokoni Tumbe, supu ya pweza elfu moja na mia tano, chapati mia tano. Soko la samaki hapa ni kubwa, na mvuvi mmoja, alipoona darubini, aliuliza tunachotafuta. Tulipomwambia ndege wa maji, alitutembeza mwenyewe mpaka nyuma ya mikoko, akaonyesha kwa mkono: "Maji yakianza kurudi, kaeni hapa. Msivuke ule mkondo." Alikataa hata nauli ya kurudi.

Sababu ya onyo lake ielezwe vizuri, maana hapa ndipo watu hukwama. Wangwa, yaani uwanda wa tope na mchanga unaofunikwa na maji yakijaa, haujazwi kutoka mbele. Maji huingia kwanza kupitia mikondo ya nyuma yako, kati ya mikoko na mahali uliposimama, wakati mchanga ulio mbele yako bado mkavu. Ukija kustuka, mkondo ulioruka asubuhi unakufika kifuani. Viatu viwe vya kufunga kwa kamba. Kandambili hubaki topeni.

Maji yalipwa karibu saa tano. Wakati huo ndege walikuwa vitone tu, mbali mno. Wanawake wa mwani walikuwa katikati yao wakifunga kamba kwenye vijiti, na vitwitwi, ndege wadogo wa pwani, walikula hatua chache kutoka miguuni mwao. Ndege hawaogopi mtu anayeinama na kufanya kazi; wanamwogopa anayesimama wima akawaendea moja kwa moja. Tembea ubavu, simama, inama, usitazamane nao. Kuanzia saa nane maji yaliporudi, kazi ya kusogea ilifanywa na bahari.

Tenganisha ndege kwanza kwa ulaji, rangi baadaye. Mwenye mdomo mfupi na macho makubwa anayekimbia, anasimama ghafla, anatazama, anadonoa, huwinda kwa macho. Anayeinamisha kichwa akitobolea tope bila kukoma, kama fundi cherehani, huwinda kwa mguso: ncha ya mdomo wake ina hisi, humkuta mnyoo asiouona. Hiyo peke yake inapunguza kazi nusu. Anayepindua mawe na mwani kwa mdomo ni mpinduamawe, miguu ya rangi ya chungwa.

Sululu mdogo, mwenye mistari kichwani na mdomo uliopinda kwenda chini, alikuwa kwenye mashimo ya wale kaa wenye gando moja kubwa. Pindo la mdomo linalingana na pindo la shimo. Alimvuta mmoja, akamtikisa mpaka miguu ikakatika, akameza kiwiliwili. Hawa huzaliana kaskazini mwa Ulaya na Urusi. Vijana ambao hawajafikia umri wa kuzaa huweza kubaki pwani zetu mwaka mzima, kwa hiyo ukimwona sululu mwezi wa Juni usidhani kapotea.

Wengi zaidi walikuwa kitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo, kijivu kwa sasa. Aprili, kabla ya kuondoka, huvaa rangi ya matofali. Makwao ni tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, huko Siberia, sehemu kama Taimyr, ambako kiangazi ni wiki chache tu. Dume akishapandana huanza safari ya kusini mapema Julai, jike hubaki na vifaranga kisha naye huondoka, na watoto huja mwisho, peke yao, njia hawajawahi kuionyeshwa. Idadi ya vijana wanaofika Afrika hupanda na kushuka kwa sababu ya mnyama ambaye hapa hakuna amjuaye: lemingi, panya wa nchi za barafu. Mwaka lemingi wanapojaa, mbweha wa huko hula lemingi na kuviacha vifaranga. Lemingi wakiadimika, mbweha hugeukia viota.

Lakini picha nyingi za siku ile ni za ndege mla kaa. Mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu-samawati, mdomo mweusi mnene kuliko wa ndege yeyote wa pwani wa kimo chake. Hatoki barafuni, huzaliana pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, katika miezi ya joto kali, kisha hutushukia huku. Ni njia ileile ya majahazi ya kaskazi. Ndege wengine wa pwani hutaga mayai yenye madoa juu ya mchanga wazi. Huyu huchimba handaki, mara nyingi zaidi ya mita moja, makundi makubwa pamoja, na kutaga yai moja jeupe. Gizani yai halina haja ya kujificha kwa madoa. Joto la mchanga huliatamia, hivyo mzazi anaweza kuliacha muda mrefu akaenda kuwinda.

Na kifaranga hulishwa muda mrefu kupita kawaida. Pale Tumbe, mwisho wa Januari, kijana wa kijivu alikuwa bado anamfuata mzazi nyuma nyuma, ameinama, akilia. Mzazi alikamata kaa, akamgonga chini, akang'oa magando kwanza, ndipo akamwachia. Kijana mwingine alijaribu mwenyewe, akamshika kaa upande wa gando, akabanwa, akamtupa. Watoto wa vitwitwi wa Siberia hujitegemea tangu siku za kwanza. Huyu anafundishwa nusu mwaka. Kaa mwenye magando si chakula cha kujifunzia peke yako.

Kwa mpiga picha: weupe wake mwingi hupotea juani, manyoya yanakuwa karatasi tupu. Punguza mwanga wa kamera nusu hatua hadi hatua nzima. Maji yakijaa hukusanyika ncha ya mchanga wakisimama kwa mguu mmoja. Usiwasogelee hapo, kwani wakirushwa hawana pengine pa kutua mpaka maji yapwe.

Kati yao walikuwapo yangeyange wa pwani, wengine weupe, wengine kijivu cheusi wenye koo jeupe. Ni ndege mmoja wa rangi mbili, usiwahesabu kuwa wawili.

Jumatatu: Vumawimbi na Ras Kigomasha

Mvua ya ghafla asubuhi, boda hakuna mpaka saa nne. Njia baada ya msitu ni mchanga na mashimo. Kwa elfu kumi na mbili dereva alikubali kwenda Vumawimbi, Kigomasha na kurudi, na kusubiri.

Kabla ya ufuko, kwenye michikichi, alikuwapo tai mla chikichi. Mweupe, mabawa yenye weusi, ngozi nyekundu kuzunguka jicho. Ni jamaa wa tumbusi anayeishi hasa kwa matunda. Hushika chikichi kwa mguu juu ya kuti, huvua nyama ya nje kwa mdomo, huangusha kokwa. Pwani hula pia kaa na samaki waliokufa. Chini ya mti aupendao utakuta makokwa yaliyokwanguliwa. Ukiyaona mabichi, ngoja hapo.

Vumawimbi ni mchanga mweupe na watu hakuna. Vitwitwi weupe wa mawimbi walikuwa ukingoni, wakilifuata wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja, wakidonoa vijidudu vilivyofunuliwa kwa sekunde chache. Tazama nyayo zao mchangani: vidole vitatu mbele, nyuma hakuna alama. Ndege huyu hana kidole cha nyuma, tofauti na jamaa zake wa topeni. Hufika kutoka mwisho kabisa wa kaskazini, Greenland na Siberia.

Kigomasha, penye mnara wa taa wa chuma, upepo ulikuwa mkali mno kushika darubini. Keti, egemeza viwiko magotini. Ada ya kupanda mnara huafikianwa na mlinzi. Tulitoa elfu tano.

Jumanne: Wete na kurudi

Bibi alikataa pesa ya chakula cha jioni zote, akapokea ya chumba tu, kisha akatutia mfukoni maembe mabichi ya njiani. Konde hadi Wete daladala tulilipa elfu mbili. Halua ya Wete inunuliwe asubuhi, ikiwa bado ya moto; ya jioni imeshakaza.

Boti ya Wete haiendi kila siku, na ratiba hubadilika bila kutangazwa mbali na bandarini. Siku ile haikuwapo, ikabidi kushuka mpaka Mkoani. Tiketi ya kurudi ikatwe ofisini siku mbili kabla, hasa wakati wa karafuu, na muulize karani saa ya kuripoti, si saa ya kuondoka. Darubini na kamera zibaki mkononi. Mizigo mingine hurundikwa sitahani na kulowa maji ya chumvi mara tu boti inapoikabili Nungwi.